Sindano ya kutapika si moja

Tuanze na tatizo dogo la kimantiki. Mtu anatapika. Unampa kidonge cha kuzuia kutapika. Anakitapika. Unasubiri kidogo, unampa kingine, nacho kinarudi na maji yake. Na hata kikikaa bado hujashinda. Mtu mwenye kichefuchefu kikali, tumbo lake hupunguza kazi au husimama kabisa, wakati dawa inatakiwa ipite tumboni ifike kwenye utumbo, huko ndiko inakonyonywa kwenda kwenye damu. Kidonge kinabaki pale kama abiria aliyefika bandarini na chombo hakiondoki. Kwa hiyo ikabidi dawa itafutiwe njia nyingine ya kuingia, na njia hiyo ni sindano.

Mpaka hapo hakuna mjadala. Mjadala unaanza pale tunapoiita "sindano ya kutapika", kana kwamba iko moja tu. Utasikia, "Mchome sindano ya kutapika, atatulia." Wakati mwingine kweli anatulia. Wakati mwingine hatulii hata kidogo, na watu wanasema dawa ni feki. Huenda haikuwa feki. Huenda ilikwenda kufunga mlango ambao hakuna aliyekuwa anaupita. Makala hii ni historia ya jinsi ilivyogundulika kwamba milango ya kutapika ni mingi, na nitaisimulia huku nikitazama kisiwa kimoja ambako jambo hili lina uzito wake.

Kisiwa chenyewe ni Songo Songo, wilaya ya Kilwa. Wengi wenu mnakijua kwa sababu ya gesi. Iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba: kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga, kisha zaidi ya kilomita 200 nchi kavu hadi Dar es Salaam. Taa unayosomea sasa hivi, kama uko Dar, huenda inawaka kwa gesi ya huko. Gesi inavuka bahari bila kuyumba. Mwenyeji wa Songo Songo havuki hivyo. Akiugua akahitaji hospitali ya wilaya, yaani Kinyonga pale Kilwa Kivinje, lazima apande chombo. Bahari ikiwa shwari si shida. Kusi ikivuma, hata mvuvi wa pweza aliyezaliwa hapo hapo anajua kwamba abiria wa bara watateseka.

Sasa chukua mama mwenye mimba changa ambaye chakula hakijakaa tumboni siku tatu. Au kijana mwenye malaria. Au mtoto anayeharisha na kutapika. Sababu ya kwanza ya kutapika wanapanda nayo chomboni. Ya pili wanaikuta humo. Na sababu hizi mbili zinapita njia tofauti kufika kwenye ubongo.

Tuitazame bahari kwanza, maana ni ya zamani kuliko zote. Kiswahili husema mtu amelewa bahari. Neno hilo lina akili kuliko linavyoonekana. Ndani ya sikio kuna mifereji midogo yenye majimaji inayoupa ubongo habari za kugeuka na kuinama kwa kichwa. Pombe huingia kwenye vihisio vya mifereji hiyo na kubadili uzito wake, ndiyo maana mlevi akilala kitandani anaona chumba kinazunguka. Bahari nayo huchezea mifereji ile ile, ila yenyewe haihitaji chupa: sikio linasema tunayumba, macho yanayotazama ubao wa mashua yanasema tumetulia, ubongo unashindwa kupatanisha. Mwaka 1882 William James wa Harvard aliwachunguza watu wengi waliokuwa viziwi na bubu, akakuta kwamba wengi wao hawashikwi na kizunguzungu hata wakizungushwa. Sikio lao la ndani halikuwa likifanya kazi. Huo ulikuwa ushahidi mzuri kwamba mlango wa bahari uko sikioni, tumboni tunaona matokeo tu. Na kwa taarifa yako, neno nausea ambalo madaktari wa dunia nzima hulitumia kwa kichefuchefu lina asili ya Kigiriki cha kale, kutoka neno lenye maana ya chombo cha baharini.

Kutapika kwa maradhi ni habari nyingine, na Kilwa inaijua. Februari 1859 Richard Burton na John Speke, wakiwa wametoka kwenye safari ya maziwa, walifika Kilwa wakakuta kipindupindu kinafyeka watu. Hapakuwa na sindano yoyote ya kuwasaidia. Lakini hata kama ingekuwapo ya kuzuia kutapika isingewaokoa, kwa sababu kinachoua katika kipindupindu ni maji na chumvi zinazotoka mwilini. Mskochi mmoja, Thomas Latta, alishajaribu mwaka 1832 kuwarudishia wagonjwa maji ya chumvi kwa kupitia mshipa wa damu, na baadhi waliamka kitandani kama waliofufuka. Wenzake hawakumfuata kwa miaka mingi. Nalitaja hili mapema makusudi. Kuna sindano inayozima dalili na kuna dripu inayorudisha kilichopotea, na hizi mbili huchanganywa sana.

Sindano yenyewe, ile tunayoijua yenye bomba na ncha tupu katikati, ilizaliwa mwaka 1853 mara mbili: kwa Charles Pravaz huko Ufaransa na kwa Alexander Wood huko Edinburgh. Wood aliitumia kudunga mofini kutuliza maumivu. Hapa historia inachekesha kidogo, kwa sababu mofini ni miongoni mwa dawa zinazoleta kichefuchefu. Kisha mwaka 1869 wakemia wa Uingereza, katika kuichezea mofini, wakapata apomofini, ambayo ukimdunga mtu anatapika ndani ya dakika chache. Ikawa dawa ya kuwatapisha waliokunywa sumu. Kwa maneno mengine, kwa miongo kadhaa sindano na kutapika vilikuwa marafiki. Kama ungemwambia daktari wa mwaka 1900 kwamba utamchoma mgonjwa sindano kwa ajili ya kutapika, angeelewa kwamba unataka mgonjwa atapike!

Huku kwetu sindano ilipata heshima yake kwa ugonjwa usiohusiana na kutapika kabisa: buba. Katika miaka ya 1920, Tanganyika na Kenya, vidonda vya buba vilianza kutibiwa kwa sindano za dawa zenye aseniki na bismathi. Vidonda vilivyomkaa mtu miezi vilikauka kwa siku chache. Watu walitembea mwendo mrefu kuifuata sindano. Baada ya vita kuu ya pili ikaja penisilini, ikafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mimi naona mazoea yetu ya kudai sindano hata pale kidonge kingetosha yalianzia hapo, na hayakuwa ujinga: watu waliona kwa macho yao. Ila yameacha tabia moja, ya kuamini kwamba nguvu iko kwenye sindano yenyewe na kusahau kuuliza ndani yake mna nini.

Na ndani yake mna nini? Katika miaka ya 1940 kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa ilitengeneza promethazini, dawa ya mzio, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Phenergan. Wakati huo huo bahari ilikuwa imelisumbua sana jeshi: askari waliovuka kwenda Normandy Juni 1944 waligawiwa vidonge vya kulewa bahari pamoja na mifuko ya kutapikia. Mwaka 1947, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mama mjamzito aliyekuwa akitibiwa vipele vya mzio aliwaambia madaktari kwamba tangu aanze dawa yao mpya hatapiki tena akipanda tramu. Maisha yake yote chombo cha kwenda kilikuwa kikimtapisha. Madaktari Leslie Gay na Paul Carliner hawakulipuuza neno lake. Mwisho wa mwaka huo walipanda meli ya jeshi, General Ballou, kutoka New York kwenda Bremerhaven, Ujerumani, wakaijaribu dawa hiyo kwa askari katikati ya Atlantiki ya baridi kali. Ikafanya kazi. Ndiyo Dramamine. Dawa hizi mbili ni ndugu wa ukoo mmoja: zinazuia histamini, na histamini ni moja ya kemikali zinazopeleka kelele za sikio la ndani kwenye kituo cha kutapika katika ubongo.

Mlango mmoja, basi, ukawa na ufunguo.

Mlango wa pili uligunduliwa kwa msaada wa ile apomofini ya kutapisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940, S. C. Wang na Herbert Borison wa Chuo Kikuu cha Columbia walitafuta ni wapi hasa inakogusa. Walikuta kieneo kidogo mno kwenye shina la ubongo, mahali ambapo damu haizuiwi na ule ukuta unaolinda sehemu nyingine za ubongo dhidi ya sumu. Ni kama mlinzi aliyewekwa nje ya geti, kazi yake kuonja damu. Walipokiondoa kieneo hicho kwa mbwa, apomofini haikuwatapisha tena. Lakini mbwa hao hao wakinyweshwa salfeti ya shaba walitapika, kwa sababu shaba hulichokoza tumbo lenyewe, na tumbo lina neva zake za kupeleka taarifa. Jaribio moja, milango miwili. Binafsi nalipenda jaribio hili kuliko mengine yote katika hadithi hii, ingawa mbwa hawakuulizwa.

Yule mlinzi wa getini anaamshwa na dopamini. Dawa zinazoizuia dopamini zikafuata haraka: klopromazini mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha metoklopramidi, iliyotangazwa na Wafaransa mwaka 1964 baada ya kuikuta wakiwa wanaboresha dawa ya mapigo ya moyo. Metoklopramidi ina faida ya ziada, inalisukuma tumbo lililosimama lianze kumwaga chakula kwenda mbele. Hiyo ndiyo Plasil. Hadi leo, mtu akisema "sindano ya kutapika" katika vituo vyetu, uwezekano ni mkubwa kwamba iliyomo ni hiyo au promethazini.

Halafu ikaja saratani, na saratani ikazishinda zote. Dawa iitwayo sisplatini ilipoanza kutumika Marekani mwaka 1978 iliponya watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa wamekwisha, lakini iliwatapisha kwa namna ambayo baadhi waliacha tiba na kukubali kufa. Nasi Afrika Mashariki hatukuwa mbali na mateso haya. Kampala, Uganda Cancer Institute ilifunguliwa mwaka 1967 kutibu watoto wenye uvimbe wa taya aliouelezea Denis Burkitt mwaka 1958, na dawa yake kuu, saiklofosfamidi, nayo hutapisha. Mwaka 1981 Richard Gralla na wenzake wa New York walionyesha kwamba metoklopramidi ikipitishwa mshipani kwa kipimo kikubwa mno inapunguza kutapika kwa sisplatini. Ajabu ni kwamba dawa nyingine za dopamini, hata ukizidisha kipimo, hazikufanya hivyo. Kwa nini hii tu?

Jibu lilihitaji mnyama anayetapika. Panya hatapiki, hana uwezo huo (ndiyo maana sumu ya panya humpata vizuri). Watafiti wa Uingereza wakamtumia kicheche wa kufugwa wa Ulaya. Mwaka 1986 ikathibitika: sisplatini inaumiza chembe za ukuta wa utumbo, chembe hizo zinamwaga serotonini, serotonini inaamsha neva ndefu inayotoka tumboni kwenda ubongoni. Metoklopramidi kwa kipimo kikubwa ilikuwa inaziba vipokezi vya serotonini kwa bahati tu. Kampuni ya Glaxo tayari ilikuwa na dawa inayoviziba vipokezi hivyo na kuacha vingine: ondansetroni. Marekani iliiruhusu Januari 1991, kwanza kabisa kama dawa ya kupitisha mshipani. Hakimiliki yake ilipokwisha huko mwaka 2006, watengenezaji wengi wakaingia, bei ikaporomoka, na leo imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za msingi.

Mama wa Songo Songo mwenye saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ana uwezekano mkubwa wa kuishia Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Tiba ya kawaida ni mionzi pamoja na sisplatini kila wiki. Kwake yeye ondansetroni inaamua kama atarudi wiki inayofuata au hatarudi.

Sasa mrudishe mama huyo nyumbani kwa mashua. Ondansetroni ile ile iliyomwokoa Ocean Road haitamsaidia kulewa bahari. Metoklopramidi nayo kwa bahari haifui dafu. Mlango wa sikio la ndani hauna habari na serotonini ya utumbo. Dawa ya bahari bado ni zile za zamani, ukoo wa promethazini na ule wa hayosini. Ushahidi mzuri zaidi wa hili ulipatikana angani. Wanaanga hutapika sana siku za kwanza, na vidonge haviwasaidii kwa sababu ile ile ya tumbo lililosimama. Machi 1989, katika safari ya chombo Discovery, mwanaanga James Bagian, ambaye ni daktari, alisimamia sindano ya kwanza ya promethazini ya msuli kwa ajili hiyo, na mgonjwa akapata nafuu haraka. Kwa hiyo ile Phenergan tuliyozoea kuiona kama dawa ya mafua na kulala iliwafaa wanaanga pale vidonge viliposhindwa.

Usidhani basi tuichome tu promethazini kila anayepanda mashua. Inaleta usingizi mzito, na mtu mwenye usingizi anayetapika katika chombo kinachoyumba anaweza kupaliwa na matapishi yake. Watoto walio chini ya miaka miwili hawapewi kabisa, inaweza kuzima pumzi zao. Na inaunguza. Mwaka 2000 mwanamuziki wa Vermont, Diana Levine, alikwenda kliniki na kipandauso na kichefuchefu. Akachomwa promethazini ya msuli, haikumfaa, akarudi, akapewa kwa kusukumwa mshipani. Dawa ikaingia kwenye ateri, mkono ukaoza, ukakatwa. Kesi yake dhidi ya mtengenezaji ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, akashinda mwaka 2009.

Metoklopramidi ina kituko chake ambacho pwani tunapaswa kukijua kuliko wengine. Kwa baadhi ya watu, hasa watoto na vijana, saa chache baada ya sindano shingo inapinda, macho yanageuka juu na kukwama, taya linakaza, ulimi unatoka nje. Mgonjwa akili zake ziko timamu, anasikia kila kitu. Ukimwona hivyo usiku kisiwani, niambie ukweli, utafikiria dawa au utafikiria jini? Kisomo hakitamdhuru, lakini aliyempa dawa lazima aambiwe haraka, kwa sababu ipo sindano ya jamii ya dawa za mzio, kama difenhidramini, inayoilegeza hiyo shingo kwa muda mfupi. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliipunguzia matumizi mwaka 2013: isizidi siku tano, isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na ikipitishwa mshipani iende polepole, si chini ya dakika tatu. Ondansetroni nayo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 2012 Marekani iliondoa kipimo kikubwa cha mara moja cha miligramu 32.

Turudi kwa wale wagonjwa wetu wa mashuani. Kijana wa malaria anayetapika kila kitu, sindano inayomwokoa ni ya atesuneti, na kumzuia kutapika ni nyongeza. Mtoto wa kuharisha anahitaji maji yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, hata kama nusu inarudi. Na utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kidonge kimoja cha ondansetroni kinachoyeyuka juu ya ulimi kiliwapunguzia watoto wengi haja ya dripu. Yaani lile tatizo tulilolianza nalo, la kidonge kutapikwa, limepata jibu lisilohitaji sindano wala mchomaji. Mama mwenye mimba changa ana promethazini na metoklopramidi, dawa zilizotumika kwa wajawazito miaka mingi, na tahadhari inayozizunguka inatokana na thalidomaidi, iliyouzwa kuanzia 1957 hadi 1961 kwa usingizi na kichefuchefu cha mimba na kuharibu viungo vya maelfu ya watoto.

Na kwa bahari yenyewe, saa ina maana kuliko kipimo. Promethazini ya msuli huanza kazi kama dakika 20 baada ya kuchomwa na hudumu saa nne hadi sita, kwa hiyo mtoa huduma akiamua kumpa mgonjwa, inatolewa akiwa bado nchi kavu, nahodha hajavuta nanga. Tangawizi, ambayo mabibi zetu hawakusubiri ruhusa ya mtu kuitumia, ilijaribiwa huko Denmark kwa makadeti 80 wa jeshi la maji, matokeo yakachapishwa mwaka 1988: waliokunywa tangawizi walitapika kidogo kuliko waliopewa kitu kisicho na dawa. Nayo inatafunwa kabla.